Kaka Niliyemkana Mbele ya Wageni

Siku moja siisahau, mwanangu, hata ningeamriwa nisahau nyingine zote. Niliulizwa na wageni tumezaliwa wangapi kwetu, nami nikiwa na akili zangu timamu na sauti yangu nzuri, nikajibu watatu. Tulikuwa wanne. Wa nne ni kaka yangu Manyama, aliyenitangulia kuzaliwa, na aliyekuwa na kifafa.

Nakuambia haya mapema ili usije ukadhani nina hadithi ya ushujaa. Sina. Nimezeekea hapa Butiama, wajukuu wananiita Bibi Nyangeta, watu wananiletea ugomvi wao niwasuluhishe, na kila nikisuluhisha najiuliza kama wangekuja endapo wangejua nilichokifanya nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Lakini nimesikia kwamba nyumbani kwenu kuna mtoto mgonjwa, ugonjwa wa kuishi nao, si wa kupona wiki ijayo, na kwamba wewe ndiye mzima. Wengi watakuja kuzungumza na yeye. Mimi nataka kuzungumza na wewe.

Nilizaliwa Majita, kijiji cha pwani ya ziwa, Musoma vijijini. Baba alikuwa mvuvi, mama alilima mihogo na kuanika dagaa. Kwa mvuvi, mtoto wa kiume wa kwanza huzaliwa na kazi yake tayari. Akishapata nguvu kidogo mikononi anaingizwa mtumbwini achote maji yanayovuja, baadaye apewe kasia, baadaye apewe mtumbwi wenyewe. Manyama alikuwa ameshaanza kuchota maji. Halafu, akiwa na miaka tisa, alianguka shambani. Akakakamaa, akatetemeka, povu likamtoka. Ugonjwa ulipomrudia mara ya tatu baba alimtoa mtumbwini na hakumrudisha tena. Hakugomba, hakueleza. Asubuhi moja alichukua kasia peke yake akashuka ufukweni, na Manyama akabaki amesimama mlangoni na kopo la kuchotea maji mkononi.

Mimi nilikuwa na miaka saba, na tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kaka. Wenzangu walipewa mbuzi wachunge, mimi nilipewa mtu. Asikae karibu na mafiga, kwa sababu alishaangukia moto mara moja na mkono wake wa kushoto uliungua hadi kwenye kiwiko. Asiende kuoga ziwani peke yake. Asipande mti. Nesi wa zahanati alimfundisha mama, na mama akanifundisha mimi: akianguka, mlaze ubavu, mlegezee nguo, sogeza mawe na vitu vikali, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka arudi. Majirani walikuwa na yao. Mmoja angekuja na kijiko, mwingine na tumbaku ya kunusisha, na wengi zaidi wangekimbia, maana iliaminika kwamba ukigusa lile povu nawe utaanguka. Kwa hiyo mara nyingi tulibaki wawili tu katikati ya duara pana, yeye akitetemeka na mimi nikiwa nimemshika bega.

Akizinduka swali lake lilikuwa moja. "Kulikuwa na watu?"

"Hapana," nilikuwa namjibu. Hata kama darasa zima lilikuwa limesimama pale na mwalimu wao.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wakubwa huwa hawapendi kufika. Nilimpenda Manyama. Na nilimchoka. Yote mawili kwa siku moja, wakati mwingine kwa saa moja. Shuleni hakuna aliyetaka kukaa dawati letu. Wasichana walisukana nywele wakati wa mapumziko, nami nilisubiri miaka mizima mtu aniite nisukwe, hakuniita mtu, kwa sababu mikono yangu ndiyo ilimgusa. Jioni wenzangu walikwenda ufukweni kucheza na kuchokoza vijana wanaotengeneza nyavu. Mimi nilikaa uani kwetu nikimwangalia mtu ambaye pengine leo asingeanguka kabisa. Upweke ule sikuwa na jina lake. Nilidhani ndivyo maisha yalivyo.

Na nyumbani nako hakuna aliyeniuliza. Nakumbuka homa ilinilaza siku tatu, nikaota ndoto za ajabu, mama akaja akanigusa paji la uso, akasema, "Wewe utapona," akaenda kumtazama Manyama. Hakuwa mama mbaya. Alikuwa na macho mawili tu, na yote alikuwa ameyaweka kwa yule anayeweza kufa. Lakini mimi nililia nimegeukia ukutani, nikasema moyoni kwamba nikipata mlango wa kutoka katika nyumba hii, nitatoka bila kugeuka. Neno hilo sikumwambia mtu. Lingekuwa limesemwa, pengine lingeisha. Lilikaa ndani likaota mizizi.

Usidhani Manyama alikuwa mtu wa huzuni. Aliniita askari wangu. Aliketi kivulini akiziba nyavu za watu, maana mikono yake ilikuwa na ustadi, na kila aliyepita alipata neno lake. Mzee mmoja mnene alipopita, Manyama alikuwa akimwambia, "Mzee, ukija kuvuliwa utataka nyavu mbili." Watu walicheka wakiwa mbali kidogo. Nyavu zao walimwachia juu ya jiwe, hawakumpa mkononi.

Nilipofika miaka kumi na tisa mlango nilioutaka ulifunguka. Kijana mmoja aliyeitwa Wambura alikuwa akitoka Butiama kuja kununua dagaa ufukweni kwetu, anawauza kwao na kule Buhemba kwenye machimbo ya dhahabu. Alinunua kwa mama. Halafu akawa ananunua kwa mama tu, hata wa jirani wakiwa wazuri zaidi. Unaelewa. Tulizungumza, tukapendana, na siku moja akasema watu wa kwao watakuja.

Kwetu Mara, mwanangu, wakati ule hakuna mtu aliyeoa bila kupeleleza. Na wapelelezi hawasemi wamekuja kupeleleza. Watasema wamepotelewa na mbuzi, au wanatafuta mbegu ya muhogo. Nani anatoka Butiama kufuata mbegu ya muhogo Majita, na Butiama kwenyewe imejaa mihogo? Lakini kila mtu anaitikia, anawapikia kuku, anawapa maji ya kunawa, na wao wanatazama. Wanatazama uwanja umefagiliwa vipi. Wanatazama binti anavyomtii mama yake. Wanahesabu watoto. Na kuna mambo matatu wanayoyauliza kwa majirani kwa sauti ya chini: uchawi, wizi, na ugonjwa wa kuanguka. Nyumba yenye mojawapo ya hayo, mbegu ya muhogo haipatikani. Wanaaga na hawarudi.

Mimi ndiye niliyesema. Wengine wamejaribu kunifariji kwa kusema wazazi ndio waliopanga. Hapana. Tulikuwa mimi na mama tunamenya mihogo, nikamwambia, "Mama, Manyama aende kwa shangazi, kule Nyasho mjini, mpaka hawa watu waondoke."

Kisu chake kilisimama. Kisha akaendelea kumenya. Baba alipoambiwa alisema jambo moja tu. "Basi umwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia."

Nilimkuta kivulini na wavu magotini. Nilizunguka maneno mengi, nikataja shangazi kwamba anahitaji mtu wa kumsaidia, nikataja kwamba mjini Musoma kuna dawa. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kushona.

"Wanakuja lini?" akauliza.

"Alhamisi."

"Sawa. Nitaondoka Jumatano na gari la samaki." Akakata uzi kwa meno. "Na wakiwauliza mko wangapi?"

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu uliganda. Akanijibia yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mdogo wake njia. "Waambie watatu, askari wangu. Mkisema wanne watauliza wa nne yuko wapi."

Jumatano akapanda gari na mfuko wake wa plastiki, akatupungia mkono. Alhamisi wakaja wageni wawili, mama mkwe wangu wa kesho na baba mdogo wake Wambura, wakitafuta mbegu ya muhogo. Yule mama alikuwa mrefu, mkavu, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote bila kulegea, na macho yake yaliingia kila pembe. Nilipomletea maji alinishika mkono akauliza kwa upole, "Mwanangu, kwenu mmezaliwa wangapi?"

"Watatu," nikasema. "Mimi ndiye mkubwa."

Mdogo wangu Nyafuru, wa miaka sita, akafungua mdomo. Mama akamwambia akalete kuni. Basi. Wageni wakala, wakapewa na fungu la miti ya mihogo wabebe, maana lazima uongo wao nao uheshimiwe, wakaondoka wameridhika.

Nilidhani Manyama angerudi Ijumaa. Lakini mwanangu, ukishaoa au kuolewa ndipo unapojua kwamba wageni wa ndoa hawaishi. Walikuja tena kupanga mahari. Wakaja kuleta ng'ombe. Ikaja ndoa yenyewe kanisani. Kila mara tulisema, akae kidogo, hawa wakishaondoka ndipo arudi. Na ng'ombe wale! Kwetu ng'ombe wa dada ndio humwolea kaka. Wangu walikuwa wa Manyama, kijiji chote kilijua, na hakuna aliyesema neno. Baba aliwatenga kwa ajili ya mdogo wetu wa kiume, Magesa, aliyekuwa bado anaendesha magari ya makopo mchangani. Hivyo ndivyo nilivyomnyima kaka yangu nyumba aliyozaliwa na nyumba ambayo angejijengea, kwa neno moja, watatu.

Nikaenda Butiama. Wambura alikuwa mume mwema, sina la kumlaumu. Watu wa kwao walinipokea, nikalima nao, nikasali nao, nikajifunza Kizanaki chao mpaka wakawa wanasahau kwamba mimi ni mgeni. Na nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa. Kule Majita nilikuwa mpweke kwa sababu watu walijua. Huku nilikuwa mpweke kwa sababu hawakujua. Wakizungumza habari za kaka zao, mimi nilinyamaza. Mama akija kunitembelea, tulisubiri wote watoke ndipo anong'one: Manyama amejifunza kushona viatu kwa fundi mmoja pale Nyasho. Manyama alianguka sokoni. Manyama amehamia Bunda na yule fundi, wanakaa Kabasa. Sikuwahi kumtumia hata salamu. Mama angezipeleka, lakini niliona haya hata kumwomba.

Miaka minne ikapita. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miaka miwili na nusu. Adhuhuri moja, akiwa na homa tangu asubuhi, alikakamaa mikononi mwa shangazi yake, macho yakageuka, akaanza kutetemeka. Wanawake wote wakapiga yowe. Mmoja akakimbilia kijiko, mwingine akataka kumfukiza moshi. Mimi sikupiga yowe. Nilimchukua, nikamlaza ubavu, nikamlegezea nguo, nikamsogezea mbali mawe ya mafiga, nikamkataza kila mtu kumtia kitu mdomoni. Nikamshika bega. Mikono yangu ilijua kila kitu, mwanangu. Haikuwa imesahau hata kidogo, na nilichukia kwamba haikuwa imesahau, na nilishukuru.

Mtoto akatulia. Tulimkimbiza hospitali, ikaonekana ni degedege la malaria, akapona. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na jioni ya siku tuliyorudi alikuja akaketi kwenye kigoda mbele yangu.

"Nani alikufundishaga vile?"

"Nesi wa Majita."

"Nesi hakufundishi kutulia," akasema. "Ulitulia kama mtu aliyezoea. Nani?"

Pale ningeweza kusema uongo mwingine. Nilikuwa nao kinywani, tayari. Lakini nilikuwa nimechoka, na mwanangu alikuwa amelala pajani mwangu akipumua vizuri. Nikasema, "Kaka yangu."

"Magesa? Si ni mtoto yule?"

"Manyama. Kaka yangu mkubwa. Tumezaliwa wanne."

Mficha maradhi, kilio humfichua, ndivyo walivyosema wahenga. Nilimweleza yote, hadi lile fungu la mihogo. Nilitazamia anifukuze. Alijifunga vizuri kitenge chake, halafu akaniambia maneno ambayo sitayapamba.

"Tungekukataa. Nakwambia ukweli, kwa wakati ule tungekukataa, tulikuwaga tunauogopa sana huo ugonjwa. Wewe ungelia mwezi mmoja, miwili, ungeolewa kwingine. Wasichana wanakataliwaga kila siku na hawafi. Lakini umemkana mtu aliyekutangulia tumboni mwa mama yako. Umemkana kwa ajili yetu, sisi tuliokuwa hatukujui hata jina. Usinipe mimi mzigo huo nife nao. Jumamosi tutaenda kumwona."

Wambura naye alipoambiwa hakugomba. Alisema, "Miaka minne nakula na mtu, sijui kaka yake," akatoka nje. Siku mbili alinijibu yale ya lazima tu. Nilistahili.

Jumamosi tukaenda Bunda, mimi na mama mkwe, nimevaa kitenge changu cha ndoa kwa sababu sikujua mtu anavaa nini kwenda kuomba msamaha. Kabasa hatukuuliza sana. Fundi viatu anayeangukaga? Yule pale. Alikuwa chini ya kibaraza cha duka, amevaa singlendi, na kiatu cha mtu amekibana magotini. Kando yake mama mmoja alikuwa akikaanga maandazi, na kati ya jiko la yule mama na kigoda cha Manyama kulikuwa kumepangwa matofali mawili ili akianguka asifike kwenye moto. Mtu alikuwa amefikiria jambo hilo. Mtu asiye ndugu yake.

Akainua macho akaniona. Uso ukamfunguka, nakuapia, ukafunguka wote. Akaanza kusimama. Halafu akamwona mama mkwe nyuma yangu, mzee mgeni mwenye rozari shingoni, na uso ukajifunga tena.

"Shikamoo mama," akamwambia kwa adabu.

"Marahaba."

Mama wa maandazi akachekelea. "Manyama, leo una wageni! Hawa si ndugu zako?"

"Wapi!" akasema, akicheka naye. "Huyu dada nilikuwaga jirani yao tu kule Majita. Mimi nina ndugu wa kuvaa kitenge kizuri hivi? Karibuni, karibuni, jirani. Wazee hawajambo?"

Bado hujaelewa? Alikuwa ananilinda. Miaka minne alikuwa ameitunza siri niliyompa, peke yake, mbele ya watu asiowajua, na alipomwona mkwe wangu kitu cha kwanza alichofanya ni kunifichia tena. Sikuwahi kuumizwa na kofi la mtu yeyote kama nilivyoumizwa na lile neno jirani. Na lilikuwa limesemwa kwa upendo.

Mama mkwe aliniangalia. Alijua kwamba hili si la kwake kulisema.

Nikamgeukia mama wa maandazi. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama pale wakisubiri kununua. Nikasema wote wasikie. "Mama, si jirani yangu. Huyu ni kaka yangu, tumenyonya titi moja. Mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba hayupo."

Manyama akabaki na sindano hewani. "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Lini?"

"Wiki hii."

"Wiki hii," akarudia polepole. Akaketi, akamalizia kushona kile kiatu mpaka mwisho, kwa sababu mwenye kiatu alikuwa anasubiri na mguu mmoja peku. Sisi tukasimama. Alipokwisha kukikabidhi akajitazama kifuani, akasema, "Ningejua unakuja na mkweo ningevaa shati." Hapo ndipo mama mkwe, mwanamke yule mkavu, alipojifunika uso kwa khanga yake.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo mambo yote yalikaa sawa. Hayakukaa. Maji yakimwagika hayazoleki. Krismasi ile Manyama alikuja Butiama. Wambura alimchinjia mbuzi, akamwita shemeji mbele ya ukoo wote, watoto wakampanda mgongoni. Siku ya tatu akaomba kuondoka. Nilimsihi akae, nikamwambia kuna chumba, kuna shamba.

"Nyangeta," akasema, na nikaona haniiti tena askari, "kule wameshanizoea. Nikianguka hakuna anayekimbia. Hapa itabidi nianze kuwafundisha watu upya, na mimi nimechoka kufundisha."

"Mimi si najua?"

"Wewe ulijuaga kuliko wote," akasema. Hakusema kwa ubaya. Akachukua mfuko wake.

Kila mwaka alikuja siku tatu, kila mwaka akaondoka. Tulisalimiana vizuri, tukatumiana unga na dagaa, na baadaye simu zilipokuja tukapigiana Jumapili. Dawa alipata, akawa haanguki mara kwa mara. Mke hakupata. Alipokufa, si kwa kuanguka bali kwa homa ya mapafu, nilifika Kabasa nikakuta uwanja umejaa watu wanaomlia mtu wao. Msichana aliyekuwa akiwapanga waombolezaji akanijia kwa heshima. "Mama, wewe ni nani wa marehemu, nijue nikukalishe wapi?" Nikamwambia mimi ni dada yake. Akaniomba radhi. "Pole sana mama. Hatukujuaga kama ana dada." Nikaketi kati ya wanawake waliojua alipenda chai ya namna gani, na nyimbo zipi, na alimtania nani. Mimi sikujua. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu nimemlea mpaka amekuwa mtu mzima.

Basi nikuambie nililokuitia. Mgonjwa wenu mtaje. Mtaje wa kwanza, kwa jina lake, kwa mchumba, kwa mwalimu, kwa rafiki unayetaka akupende. Atakayekimbia kwa sababu hiyo, mwache akimbie mapema na miguu yake bado ina nguvu. Hujafa hujaumbika. Jifunze ugonjwa wake unavyokuja na unavyoondoka, dawa zake na saa zake, lakini usiufanye siri, maana siri ya namna hii haiufichi ugonjwa, humficha mtu. Naye atakusaidia kujificha, kwa kuwa anakupenda, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Na jambo jingine, ambalo mimi hakuna aliyeniambia. Uchovu wako si dhambi. Ukiona wivu kwa sababu macho yote yako kwake, useme. Mwambie mama, nami naumwa leo, niangalie. Mwambie yeye mwenyewe, atakuelewa kuliko wote. Mimi sikumkana Manyama siku ile ya wageni, nilianza kumkana siku niliyolia nimegeukia ukutani nikanyamaza. Tena kuwa mzima si kuwa jiwe. Nenda kacheze, nenda kasukwe, kisha urudi.

Sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zetu akupe moyo usiomwonea haya mtu wa damu yako. Akupe mtu wa kukuuliza, na wewe umelalaje. Mwenzio ampunguzie maumivu, na pale asipoyapunguza, awakute mko pamoja. Mzeeke wote wawili, mgombane kama wazee, na atakayetangulia amwache mwenzake akijua alipenda chai ya namna gani. Amina. Sasa nenda nyumbani, usipitie popote.